Tupeane uzoefu: Mhusika wa riwaya aliyekutesa kama ndugu yako wa damu

Mtoro wa Usingizi

Wadau, kuna jamaa kaniuliza kwa dharau kabisa: mtu mzima mwenye akili zake anawezaje kumlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa? Nikaanza kumjibu, nikakuta jibu langu linazidi kurefuka, nikaona nilete hapa tuchangie wote.

Mimi kilichoniweza ni Assassin's Apprentice cha Robin Hobb. Kilitoka 1995. Waliokisoma najua wameshaanza kutikisa vichwa. Kwa wasiokijua: kuna ufalme, kuna uchawi, kuna maharamia wanaovamia pwani, ila hayo yote yako pembeni. Kitabu chenyewe ni mtoto mmoja, Fitz, mwana wa nje ya ndoa wa mtoto wa mfalme, anayekulia kwenye zizi la farasi huku nusu ya ngome ikimpita bila kumwona na nusu nyingine ikitamani asingekuwepo.

Nilikishika nikisema nisome kurasa chache nilale. Kulipokucha bado nimekaa na nguo za jana. Kazini ukaenda mwili tu. Mtu ananisalimia, mimi akili iko kwa Burrich, yule mtunza farasi, najiuliza kwa nini hawezi kumwambia mtoto neno moja zuri na wakati analo moyoni.

Haya semeni. Nani alikutesa, kitabu gani, ikawaje. Msiniletee muhtasari wa hadithi, nataka yaliyokupata wewe.

Kalamu Butu

Burrich! Mkuu umenitonesha.

Ukurasa Uliokunjwa

Mimi ni Nosy. Yule mbwa. Sisemi zaidi, waliosoma wanajua.

Sina Haraka

@Ukurasa Uliokunjwa huwezi kuishia hapo dada. Malizia.

Ukurasa Uliokunjwa

Ni mwanzoni kabisa kwa hiyo simharibii mtu. Fitz ana kipawa cha kuungana na wanyama, mpaka mawazo yake na ya mnyama yanachanganyika. Katika ule ufalme hiyo ni aibu na hatari, mtu akijulikana nacho anaweza kuuawa. Mtoto hajui hayo. Anachojua ni kwamba ana rafiki, mtoto wa mbwa, wanalala pamoja, wanatoroka pamoja. Burrich akagundua. Akamchukua mbwa, akaondoka naye.

Mwandishi hakuweka damu wala kelele. Fitz alikuwa anamsikia mbwa wake ndani ya kichwa, halafu hamsikii tena. Basi. Nilikigeuza kitabu kifudifudi mezani nikawa nakipita tu bila kukigusa, mpaka mdogo wangu akauliza kama kina ugonjwa.

Mzee wa Kukosoa

Naomba kueleweshwa. Watu wazima mnamlilia mbwa wa kutungwa?

Ukurasa Uliokunjwa

Ndiyo.

Binti Maktaba

Mzee, hiyo ndiyo mada yenyewe. Soma juu.

Mlinzi wa Zamu

Mimi huwa nasoma na kupita, sichangii. Leo mmenigusa pabaya.

Nililelewa kwa watu. Sitaeleza sana. Wazazi walitengana, nikapelekwa kwa ndugu wa baba, nyumba nzuri, sikuwahi kulala njaa wala kunyooshewa mkono. Ila mtoto aliyelelewa kwa watu ana elimu yake. Anasoma nyuso. Anajua mzee kaamkaje kabla hajafungua mdomo. Anajua mlango upi ukilia atoke sebuleni. Wakicheka naye anacheka, ila anaanza wa mwisho na anaacha wa kwanza.

Nafanya kazi ya ulinzi, zamu ya usiku. Kazi yenyewe ni kukaa macho, na kitabu kwenye simu kinasaidia sana. Hiki nilikianza kwa sababu ya jina tu, nikajua ni visu na damu mwanzo mwisho.

Mnakumbuka Chade anavyoingia? Mzee anayeishi amejificha ndani ya kuta za ngome. Usiku ukuta unafunguka chumbani kwa mtoto, kuna ngazi za giza, mtoto anapanda, na kule juu anakuta moto unawaka na mtu aliyefurahi kumwona. Anamfundisha sumu, wizi na kuua bila kelele, hilo lipo. Lakini kwa mtoto yule hayo si kitu. Kitu ni kwamba kuna mahali anasubiriwa.

Halafu siku moja Chade anamwambia, nenda kaniletee kitu chochote kutoka chumbani kwa mfalme, mchezo tu. Mtoto anakataa. Ameshamwapia mfalme, hawezi kumwibia hata kwa utani. Mzee anabadilika sauti, anakuwa wa baridi. Mtoto anarudi kulala, na tangu hapo ukuta haufunguki. Usiku unapita, na mwingine, na mwingine. Anakaa macho gizani anausikiliza. Mchana anafanya kazi zake kama kawaida, na hana hata wa kumweleza, maana kwa watu wengine huyo Chade hayupo duniani.

Nilipofika hapo nilisimama. Nikazunguka eneo zima na tochi, nikamulika hata pembe ambazo huwa simuliki. Nikarudi kwenye kiti, nikawasha simu, nikashindwa kuendelea.

Maana mimi huo mlango nilishakuwa nao. Pale nyumbani kulikuwa na binamu yangu mkubwa, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananigongea dirisha usiku tutoke nje tukae tupige hadithi. Siku moja kikapotea kitu ndani. Akanitaka niseme nimemwona fulani akiingia. Sikumwona mtu, nikasema sikumwona. Hakunigombeza, hakunisema kwa wakubwa. Aliacha kugonga, basi. Nikawa nalala nimeelekea dirishani.

Sasa hivi nina watoto. Jambo lile sijawahi kumwambia mtu, hata mama yao. Si kwamba nilificha. Sikujua kama bado lipo. Mwenzangu alipokuja kunipokea asubuhi akauliza, usalama? Nikajibu, usalama. Akaniangalia, akauliza tena.

Kitabu nilikimaliza. Chade aliufungua ule ukuta, na sababu aliyoitoa iliniudhi kuliko kule kuufunga. Sijamsamehe mpaka leo na ninampenda.

Kalamu Butu

Pole sana mkuu. Na mimi nililelewa kwa watu. "Anaanza wa mwisho na anaacha wa kwanza." Hapo umemaliza kila kitu.

Chungu Tamu

Nimeirudia kuisoma. Siongezi neno.

Mzee wa Kukosoa

Hii naielewa. Ya mbwa bado.

Profesa wa Barazani

Nadhani mnachokisema wote kina sababu ya kiufundi. Jamaa huyu Hobb amefanya ujanja mmoja mzito...

Binti Maktaba

Si jamaa, ni mama. Robin Hobb ni jina la kubuni. Jina lake ni Margaret Astrid Lindholm Ogden, kazaliwa California mwaka 1952, na kabla ya hapo alikuwa anaandika kwa jina la Megan Lindholm. Endelea Profesa.

Profesa wa Barazani

Asante. Mama huyu basi. Anayesimulia ni Fitz mwenyewe, lakini Fitz aliyekwisha kuwa mtu mzima, amekaa na wino anajaribu kuandika historia ya ufalme. Kila sura inaanza na kipande cha maandishi ya kitaalamu: koo za wafalme, mila, vita, mitishamba. Yamepoa kabisa, hayana mtu ndani. Halafu kalamu inamtoroka, anajikuta anaandika habari zake. Kwa hiyo tangu ukurasa wa kwanza unajua huyu mtoto hatakufa. Wasiwasi wako unahamia kwingine: alinusurika kwa kulipa nini? Ndiyo maana hata mambo madogo yanauma, kwa sababu unayaona yakikatwa mmoja mmoja kwenye hiyo hesabu.

Lakini niseme ukweli, inanisikitisha tukizungumza haya kana kwamba yametoka kwa wageni tu. Shaaban Robert aliandika Kusadikika 1951, nchi nzima inaelea angani. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze: majini, watu kugeuzwa nyani, na mwenyeji mwema anayewachapa nyani wawili kila usiku na hakuna mgeni anayejua kwa nini. Na majina je? Kina Hobb wanawaita wafalme wao majina ya sifa, Shrewd, Verity, Chivalry. Mzee wetu alishawaita Adili, Hasidi na Mwivu zaidi ya miaka 40 kabla.

Kalamu Butu

Profesa, heshima yako, ila Adili hajawahi kuninyima usingizi. Ni mwema asubuhi, mwema mchana, mwema usiku. Sina mahali pa kumtilia shaka. Fitz namtilia shaka kila sura.

Profesa wa Barazani

Ulikisoma kwa ajili ya mtihani.

Kalamu Butu

Na wewe umekisoma kwa ajili ya kututajia.

Chungu Tamu

Jamani.

Ukurasa Uliokunjwa

Mimi naomba niwe katikati. Ni kweli Adili kama mtu simkumbuki sana. Lakini wale nyani! Nilikuwa mdogo, nikawa naogopa kufika sehemu inayoeleza wao ni nani na wakati huohuo sitaki kulala kabla sijafika. Hamu hiyohiyo ya kujua kilicho nyuma ya mlango. Tofauti ni kwamba Shaaban Robert anataka ujifunze jambo, huyu mama anataka ukae na mtu mpaka umchoke na bado usimwache.

Profesa wa Barazani

Hilo nalikubali. Kalamu Butu ajifunze kwako namna ya kubishana.

Sina Haraka

Tukiacha ugomvi wa wasomi, mimi nina kanuni moja nawagawia bure: usianze msururu wowote ambao mwandishi hajaumaliza. Nina majeraha. The Name of the Wind nilikipenda mno. Kilitoka 2007, cha pili kikaja 2011, cha tatu mpaka leo ni hadithi. George R. R. Martin naye na A Song of Ice and Fire yake, cha tano kilitoka 2011 hiyohiyo, cha sita tunakisubiri huku mvi zinaota. Kuna wahusika nimewaacha kwenye theluji nusu wafu, na sijui niwazike au niwaombee.

Kobe

Kanuni mbovu. Tungeifuata wote, mwandishi angeuza nini akiwa katikati? Angekata tamaa kitabu cha pili. Na hata kifo si udhuru. Robert Jordan alifariki 2007 na The Wheel of Time haijaisha. Akachukuliwa Brandon Sanderson, akapewa maelezo na kumbukumbu alizoacha marehemu, akaandika vitatu vya mwisho, kikafungwa kitabu cha 14 mwaka 2013. Anza tu. Utafia njiani au atafia yeye.

Sina Haraka

Huo nao ni ushauri?

Kobe

Nao. Halafu na nyie mnaolilia kile kitoto cha mbwa cha mwanzoni, mnanichekesha. Subirini mfike Fool's Errand ya 2001 yule mbwa mwitu anapokufa. Hapo ndipo mtajua kulia.

Ukurasa Uliokunjwa

KOBE.

Kalamu Butu

Kobe umefanya nini wewe???

Mlinzi wa Zamu

Mimi niko kitabu cha pili. Mbwa mwitu ndiyo kwanza ameingia.

Kobe

Kitabu kina zaidi ya miaka 20 sokoni! Mlitaka nikae kimya mpaka lini?

Binti Maktaba

Mpaka ujue anayekusikiliza amefika wapi. Ni adabu tu, haina miaka. Mlinzi, samahani kwa niaba ya wote. Ila nakuhakikishia kujua hakupunguzi kitu. Mimi nilikuwa najua, na bado iliniangusha.

Mzee wa Kukosoa

Kwa mara ya kwanza niko upande wa wenye mbwa. Kobe umekosa ustaarabu.

Mama Wawili

Kwa kuwa Kobe ameshamwaga mtama, na mimi nitoe langu, maana bila hicho kifo lisingeeleweka. Kaeni vizuri.

Usiku, watoto wamelala, baba yao amelala, mimi niko chini ya shuka na simu nimepunguza mwanga. Nafika hapo alipopataja Kobe. Huyu mbwa mwitu, Nighteyes, nimekuwa naye tangu kitabu cha pili cha 1996. Nimemwona mdogo ndani ya tundu, mkali, hataki kushikwa. Nimemwona akimfundisha binadamu kuishi leo bila kuilia kesho. Sasa amezeeka, viungo vinamuuma, na anaficha maumivu ili mwenzake asihangaike. Anaondoka usiku, amelala ubavuni pa Fitz.

Nilijitahidi kuuma shuka. Ikashindikana. Kilio kilinitoka mpaka kitanda kikatikisika. Mume wangu akaamka akaruka: nani kafa? Nami nisivyo na akili saa ile, nikajibu: Nighteyes. Ndiyo nani? Wa Fitz. Fitz ndiyo nani? Hapo nikasema kauli ambayo mpaka leo inanifuata: "Nimekuwa naye miaka yote hii, wewe huwezi kumjua."

Akakaa kimya. Nikajua kaelewa, nikalala.

Kumbe asubuhi nikiwa naoga kafungua simu yangu. Mimi na rafiki yangu tunasoma pamoja, tunaandikiana. Wadau, someni kwa macho ya mwanamume mwenye mashaka: "Fitz amenimaliza jana." "Leo watoto wakilala tu namrudia." "Kwa kweli huyu ananijua kuliko mtu yeyote humu ndani."

Nikaitwa kikao. Baba mkwe, shangazi wa mume wangu, kaka yangu mkubwa. Mume akasimama akasoma ujumbe mmoja mmoja kwa sauti ya mahakamani. Kaka yangu kainamisha kichwa. Baba mkwe akauliza, mwanangu, huyu Fitz ni nani na anakaa wapi? Nikaenda ndani nikaleta kitabu, maana cha kwanza ninacho cha karatasi. Nikakiweka mezani. Mzee akakigeuza mbele na nyuma, akasema: "Kitabu si ushahidi. Mtu anaweza kuwa na kitabu na akawa na mtu pia. Tueleze."

Basi nikaeleza. Ningefanyaje? Nikaanza palepale panapoanza: baridi kali, babu kamshika mkono mtoto wa miaka kama sita, wanafika kwenye lango la kambi ya jeshi. Babu anagonga. Askari anafungua. Babu anasukuma mtoto mbele, anasema huyu ni wa mwana wa mfalme, mimi nimeshamlisha vya kutosha, sasa mlisheni wenyewe. Anageuka anaondoka. Mtoto hana hata jina, wanamwita mtoto tu. Anakabidhiwa mtunza farasi, naye hajui amfanyeje, anamlaza zizini pamoja na mbwa ili asipate baridi.

Shangazi akasema, babu mshenzi huyo. Baba mkwe akasema, usimhukumu, hujui alikuwa na hali gani. Shangazi akamgeukia: hali gani ya kumtupa damu yako langoni? Wakaanza wao kwa wao. Kaka yangu akainua kichwa akauliza, sasa huyo baba yake alipopata habari alifanya nini? Nikawaambia, alijiuzulu urithi wa ufalme akahama, hakuwahi hata kuja kumwona. Uuuwi! Kikao kikavurugika. Kila mtu ana neno.

Nikaendelea. Muda unakwenda. Nafika kwa Nosy, shangazi anafuta macho na upande wa mtandio. Mume wangu akasimama: "Samahani wazee, tumekuja hapa kwa ajili ya suala langu." Shangazi hakumwangalia hata. Akamwambia, "Kaa kwanza, mtoto bado yuko zizini."

Kikao kiliahirishwa. Si kwa sababu ya kesi. Kwa sababu giza liliingia na hatujamaliza.

Chungu Tamu

NIMEKUFA. "Mtoto bado yuko zizini."

Kobe

Hii ni chai. Tena ya moto.

Kalamu Butu

Hata ikiwa chai mimi naomba kikombe cha pili. Mama Wawili, hukumu ilikuwaje?

Mama Wawili

Mume aliagizwa akisome kitabu ili ajue anachokilalamikia. Hajakisoma. Anasema hawezi kusoma habari za mwanamume mwenzake.

Sina Haraka

Mimi nina swali lingine. Kwa nini anafungua simu yako ukiwa unaoga? Hilo mbona wazee hawakuligusa?

Mzee wa Kukosoa

Na mke anayelia usiku akisema "wewe huwezi kumjua", ungekuwa wewe ungelala?

Sina Haraka

Ningeuliza. Mdomo ninao.

Mzee wa Kukosoa

Aliuliza! Akajibiwa "wa Fitz".

Ukurasa Uliokunjwa

Mwachie simu aisome yote, dada. Akifika katikati atakuwa ameshaanza kumtafuta Fitz mwenyewe.

Profesa wa Barazani

Msomee kwa sauti. Wanaume wengi hawasomi, ila wakisomewa hawaondoki.

Kobe

Mwachie kitabu mahali anapokaa peke yake muda mrefu. Usimwambie kitu.

Kalamu Butu

Au mchukue shangazi ahamie kwenu.

Mama Wawili

Jamani mimi nimekuja kueleza kitabu, mnanivunjia ndoa. Tuko vizuri. Tatizo pekee ni shangazi, ananipigia simu anataka kujua kilichoendelea, na nikimwambia nina kazi anaguna. Na Kobe, si chai. Ila zile dakika za kugombana juu ya yule babu nimezifupisha, zilikuwa ndefu zaidi.

Mtoro wa Usingizi

Nimeanzisha uzi wa huzuni umegeuka baraza la ndoa. Turudi. Kuna kitu sijaona kikisemwa: zile siku baada ya kumaliza. Mimi hapo ndipo nilipoteseka. Unafungua kitabu kingine, watu wanaongea, huwaamini. Unaona kabisa mwandishi anawasukuma waseme.

Chungu Tamu

Hapo sasa. Nilianza vitabu vingine nikaviacha vyote kwenye kurasa za mwanzo. Wahusika wazuri, wanapigana vizuri, lakini hakuna anayekaa chini akashona kamba ya farasi huku anawaza. Kwa Hobb mtu anaweza kusafisha kwato sura nzima na mimi nimekaa.

Mzee wa Kukosoa

Hapo umenifukuza kabisa. Kwato sura nzima?

Chungu Tamu

Ndiyo Mzee. Kwa sababu anayesafisha ni Burrich, na mtoto amesimama karibu, na kila mmoja anataka kuomba radhi. Hawasemi. Wanaongelea kwato.

Mzee wa Kukosoa

...Endelea.

Binti Maktaba

Dawa ya hali hiyo ni kusoma kitu kifupi chenye uzito. A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha 1968. Ni chembamba, unakimaliza haraka. Kijana anaitwa Ged, ngozi yake ya kahawia, kama watu wengi wa visiwa vile, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa adimu kwenye vitabu vya aina hii. Kwa kiburi chake anaachia kitu kibaya duniani, kisha kinamwinda. Ukiacha uvamizi mmoja wa mwanzoni, hakuna vita vya majeshi. Ni yeye na hicho kitu.

Profesa wa Barazani

Nakataa. Dawa ni kutosoma chochote. Acha kiliwe na siku. Ukirukia kingine unakidhulumu hicho kipya.

Kalamu Butu

Mimi nilirudia tangu mwanzo. Ukurasa wa mwisho, pumzi, ukurasa wa kwanza. Na mara ya pili ndipo nilipomwona Burrich vizuri. Mara ya kwanza unamchukia pamoja na mtoto. Ukirudia unaona kila mara mtoto akigeuka, yule mtu mzima yupo hatua chache nyuma.

Kobe

Soma kitabu kibaya makusudi. Kinakutoa haraka.

Mtoro wa Usingizi

Kobe leo una siku yako.

Mlinzi wa Zamu

Nashukuru kwa walionipa pole. Nina swali la kawaida. Nikimaliza hivi vitatu vya mwanzo vya Fitz, niende wapi? Nimeona viko vingi, nachanganyikiwa.

Binti Maktaba

Vyote ni 16, cha mwisho kilitoka 2017. Baada ya hivyo vitatu, ambavyo viliisha 1997, fuata vya meli, vilivyotoka 1998 hadi 2000. Fitz hayupo humo. Ni familia ya wafanyabiashara na meli zinazoongea. Ndipo urudi kwa Fitz.

Kobe

Ruka meli. Nenda moja kwa moja kwa Fitz.

Binti Maktaba

Usiruke. Utachukia kurasa za mwanzo kwa sababu Fitz hayupo, halafu utakutana na yule msichana mdogo mwenye kiburi, Malta, utatamani kumtoa kitabuni kwa mkono. Vumilia. Hakuna mhusika aliyenigeuza kama yeye.

Ukurasa Uliokunjwa

Naunga mkono. Malta nilimchukia kwa moyo wote, sasa hivi mtu akimsema vibaya nagombana.

Kobe

Vitabu vitatu vinene vya watu usiowajua, wakati Fitz amekaa kibandani anakusubiri. Mlinzi, usiwasikilize.

Binti Maktaba

Tena kuna mtu mle melini unamjua tayari, Mlinzi, ila hujui kama unamjua. Sisemi zaidi ya hapo, kuna adabu.

Mlinzi wa Zamu

Nani?

Kalamu Butu

Usimjibu Kobe. KOBE USIMJIBU.

Kobe

Sisemi. Ila mimi niliruka meli zote, na nilielewa kila kitu.

Binti Maktaba

Hukuelewa.